Kiwanda Kilichokuja Kuposa

Mwaka niliotafuta kiwanda cha kunitengenezea krimu, nilinusa mikono mingi ya watu nisiowafahamu. Ndiyo kazi yenyewe. Krimu inapakwa kwenye ngozi, na ngozi ni ya mtu, kwa hiyo lazima umshike mtu mkono, umpake, usubiri kidogo, kisha unuse. Sikuwahi kuona haya. Nasema hivi mapema kwa sababu katika mikono hiyo kulikuwa na mmoja ambao mila yetu inanikataza hata kuutazama.

Krimu nilianza kuipika jikoni kwangu, katika mji wa Likasi huku Katanga, baada ya kufiwa na mume. Watu huniuliza kama ilikuwa ndoto yangu ya tangu utoto, nami huwajibu kwamba yalikuwa magaga. Kiangazi chetu kina baridi kavu na vumbi, na majirani zangu wa mtaa wa Shituru huingia mwezi wa sita wakitembea kwa vidole kwa sababu visigino vimepasuka. Nilichukua mafuta ya mawese, nta ya nyuki inayoletwa na watu wa porini, maji ya kuchemsha, na unga fulani wa dukani unaofanya maji na mafuta yakubali kukaa pamoja. Nikakoroga. Jirani mmoja akapaka, akaanza tena kukanyaga chini kama watu wengine, na baada ya hapo dada zake wakaja na vikopo vyao.

Kazi yote ni kukoroga. Ukichoka kabla ya wakati, au jiko likipoa katikati, krimu inakatika: maji yanakaa upande wake, mafuta upande wake, na hakuna maombi yatakayoyapatanisha. Na jiko la umeme Likasi linapoa. Bwawa la umeme la Koni haliko mbali, tunalisifu mbele ya wageni, halafu tunawasha mishumaa tuendelee na mazungumzo. Nikahamia kwenye makala, yaani mkaa. Makala hayakatiki, ila bega langu la kulia likaanza kulalamika, na daktari akaniambia nilipumzishe. Nilimuuliza kwa muda gani. Akasema kwa muda wote, akaandika dawa ya kupaka ambayo ilinuka vibaya kuliko chochote nilichowahi kupika.

Wakati huohuo maduka ya Lubumbashi na Kolwezi yalikuwa yameanza kuitaka krimu yangu. Waliitaka ndani ya vikopo vilivyofungwa vizuri, vyenye tarehe, na walitaka kila kikopo kiwe sawa na mwenzake. Hilo la mwisho liliniudhi. Krimu yangu ilikuwa sawa siku zote, isipokuwa siku ambazo haikuwa.

Binti yangu ndiye aliyesema nitafute kiwanda. Ni mtoto wangu wa pekee, karani kwenye depo ya dawa mjini, na jikoni mwangu alikuwa haingii ila kuuliza chakula kitaiva lini. Alinieleza kwamba siku hizi mwenye krimu hapiki krimu. Anatoa maelezo yake kwa mtengenezaji, mtengenezaji anapika, anajaza vikopo, anabandika jina lako, na wewe unakaa na bega lako. Nilimwambia naona ni kama kumpa mwanamke mwingine akuzalie. Alinijibu kwamba wapo wanaofanya hivyo pia.

Kiwanda cha kwanza kilikuwa Lubumbashi. Walinivalisha mifuko ya plastiki miguuni na kofia ya wavu juu ya kilemba changu, wakanikalisha kwenye chumba cha wageni, mbali na mashine, mahali ambapo nisingechafua chochote hata ningejitahidi. Kijana wa mauzo alikuja na ndoo ndogo ya krimu nyeupe. Akasema krimu ndiyo hiyo, mimi nichague harufu tu. Nikatoa kikopo changu kwenye mkoba, nikamweleza habari za nta na mawese. Alinisikiliza kwa adabu nzuri.

“Maman,” akasema, “bantu habatafute krimu. Banatafuta pot muzuri.”

Nyuma yake palikuwa na kabati lenye hizo pot, vikopo vya wateja wao: cha watoto, cha wanaume, cha maharusi, kila kimoja na jina lake na picha yake. Nikaomba kuvifungua. Nilinusa cha watoto, nikanusa cha maharusi, nikapaka vyote viwili, huku mkononi na huku mkononi. Walikuwa ndugu wa tumbo moja. Nikamshukuru, nikavua mifuko ya miguuni, nikarudi Likasi.

Cha pili kilikuwa ng'ambo, Zambia, na mwenyewe sikumwona. Alipokea maelezo yangu kwa simu, akatuma kikopo cha kujaribu kwa dereva wa lori. Lori lilikaa kwenye foleni ya mpakani Kasumbalesa kama malori yote yanavyokaa, juani, na kikopo kilinifikia kikiwa supu. Nilikipiga picha nikamtumia. Akanijibu kwa sauti tulivu iliyorekodiwa, kwa Kibemba kizuri sana, kwamba nitikise kabla ya kutumia. Nilitikisa, bega likauma, na supu ikabaki supu.

Hapo binti yangu akasema, kwa sauti ya mtu anayetaja bei ya nyanya, kwamba kuna kijana hapahapa Shituru anayeleta sabuni ya maji kwenye depo yao. Amesomea kemia. Ana tangi. Nikamuuliza kwa nini hakumtaja mwanzoni badala ya kuniacha nivishwe plastiki Lubumbashi. Akasema alisahau.

Kijana alikuwa amepanga karakana ya zamani karibu na reli. Tangi lake alilinunua kutoka kiwanda cha maziwa kilichofungwa, lilikuwa la chuma kisichoshika kutu, na aliling'arisha hivi kwamba nilijiona ndani yake na bega langu limeshuka. Alikuwa na jenereta, mizani, na mashine ya kukoroga isiyochoka. Mashine ile niliipenda papo hapo. Mwenyewe sikumpenda. Aliniita Maman na kuvitazama viatu vyake. Nilipomnyooshea mkono alishika kitambaa, akasema mikono yake ina sabuni. Nilipokaa kwenye benchi, yeye alisimama. Nikisogea ili nisikie, anarudi nyuma, mpaka akagusa ukuta. Nikajisemea kwamba mtu anayekwepa macho ana kitu anachoficha, na kwenye biashara ya krimu kinachofichwa kwa kawaida kimo ndani ya krimu.

Kwa hiyo nikaamua kumbana. Wiki zile nilienda karakanani mara kwa mara. Alipika sampuli tatu kwa maelezo yangu, akiongeza unga kidogo hapa, akipunguza maji pale, na mimi nikataka kuzijaribu kama ninavyojaribu zote: kwenye mkono wangu na kwenye mkono wa mtu mwingine, kwa sababu ngozi hazifanani. Mtu mwingine alikuwa yeye tu. Akasema anaweza kujipaka mwenyewe. Nikamwambia haiwezekani, mkono unaopaka lazima uwe mmoja, la sivyo tunalinganisha vidole badala ya krimu. Hoja hiyo aliielewa, maana ni mtu wa kemia. Akakunja shati hadi kwenye kiwiko, akanipa mkono, akafumba macho.

Nilidhani ana mzio. Nikampaka sampuli ya kwanza karibu na kifundo, ya pili katikati, ya tatu karibu na kiwiko. Nikasugua vizuri. Nikamgeuza mkono, nikanusa zote tatu, nikarudia ya pili. Alikuwa anatokwa jasho, nikamkaripia kwamba jasho linaharibu jaribio.

Siku nyingine nilimletea bukari, ugali wetu, na sombe ya majani ya muhogo. Sina imani na mtengenezaji asiyekula na mteja wake. Akasema anafunga. Kwenye meza palikuwa na ganda la ndizi, bado bichi, nikalitazama mpaka naye akalitazama. Akanawa, akakaa, akala kutoka sahani moja na mimi akiwa ameugeuzia ukuta uso wake wote, mkono wake ukiitafuta bukari kwa kupapasa. Nimekula na watu wengi wasio na adabu, wakiwemo wakubwa wa kampuni, lakini hakuna aliyewahi kula akiutazama ukuta.

Hata hivyo krimu yake ilikuwa nzuri. Niliiweka juu ya bati mchana na sakafuni usiku, nikaisahau makusudi ndani ya gari la jirani, na haikukatika. Nilipopaka kwenye kisigino, kisigino kililainika kama zamani, kama siku zangu bora za jikoni. Bei nayo tulikubaliana kwa namna ya ajabu: kila nilichotaja alikubali, hata nilipotaja cha kumtukana, mwishowe nikampandishia mwenyewe kwa aibu. Alikataa kazi ya kupika javel, dawa ya kung'arisha nguo, ya kambi moja ya mgodi ili tangi libaki wazi kwa ajili yangu. Nilirudi nyumbani nimefurahi, nikamwambia binti yangu kwamba kijana wake wa sabuni hana tabia ila ana kazi. Binti akainama, akaanza kufagia mahali palipokuwa pamefagiliwa.

Kisha akaniambia kwamba Jumapili, baada ya ibada, kuna watu watakuja.

Sisi ni watu wa asili ya Kasai. Babu zetu waliletwa Katanga kufanya kazi ya madini, mimi nimezaliwa Shituru kwenye nyumba ya kampuni, Kasai nimeiona kwenye ramani. Lakini kuna mambo ambayo hayakuachwa stesheni, na moja ni ukwe. Kwetu mama mkwe na mkwe wake wa kiume hawagusani. Hawali pamoja. Hawatazamani usoni. Wakikutana njiani, mmoja anapinda kando. Kikiwepo cha kusema, kinapita kwa mtu wa tatu. Si chuki. Ni heshima ya juu kabisa, na heshima ya juu kabisa haina starehe. Na heshima hiyo haingoji harusi, inaanza siku kijana anapomtia mtoto wako moyoni, hata kama wewe hujaambiwa.

Jumapili nilikaa chumba cha ndani kama inavyompasa mama wa binti. Waliopokea wageni ni mdogo wake marehemu mume wangu na dada yao mkubwa. Huyu dada ndiye shangazi wa binti yangu, na kwetu shangazi ni baba wa kike: harusi asiyoipitisha yeye haipiti. Nilisikia wajumbe wakisalimu, wakitaja kanisa lao la maombi, wakizungukazunguka habari za ua walilolichungulia kwenye bustani yetu. Nikasogeza pazia kidogo ili nimwone huyo aliyechungulia. Alikuwa nyuma kabisa, kichwa chini, uso hauonekani. Niliutambua mkono. Nilikuwa nimeusoma vizuri, kuanzia kifundo mpaka kiwiko.

Nikaachia pazia, nikakaa kitandani. Macho yaliyotazama viatu, benchi, kitambaa, ndizi, ukuta, vyote vikaja kwa pamoja na kujipanga. Kijana yule hakuwa amekosa adabu hata siku moja. Alikuwa na adabu kuliko mtu yeyote niliyewahi kumtesa.

Wageni walipoondoka na majibu ya kungoja, nilimvuta shangazi jikoni nikamwambia kwamba yule kijana ndiye fundi wangu wa krimu. Hakuona tatizo. Ikabidi nieleze kazi inavyofanyika.

“Ulimugusa?” akauliza.

Nikasema nilimpaka krimu.

“Fasi gani?”

Mkononi, nikasema. Na kwa sababu sipendi uongo wa nusu, nikaongeza kwamba nilinusa pia.

“Mulikula pamoja?”

Bukari, nikasema. Sahani moja. Shangazi akakaa juu ya gunia la makala akiwa na nguo yake ya ibada, na hakuona kwamba amekaa juu ya makala. Nilimpa maji, akayashika bila kuyanywa.

“Ile ulifanya bila kujua, mbuzi itaimaliza,” akasema mwishowe. “Ile utafanya na kujua, hakuna mbuzi.”

Maana yake ilikuwa wazi. Kijana angeleta mbuzi na kitambaa cheupe, yaliyopita yangeoshwa. Lakini kuanzia siku ile hakuweza kuwa vyote viwili, mkwe na fundi. Akiwa mkwe wangu, hawezi kuendelea kupika mafuta yanayopakwa mwilini mwangu. Mkwe hakuvishi nguo, hakuogeshi, hakupaki mafuta. Mimi nikamwambia shangazi kwamba kijana hashiki hata kijiko, inayokoroga ni mashine. Akaniuliza mashine ina mikono ya nani.

Upande wa kijana waliposikia, pasta wao alituma neno kwamba hayo yote ni mambo ya mababu, yanakatwa kwa jina la Yesu, biashara iendelee na harusi iendelee. Nilitamani sana awe amesema kweli. Nikajifungia chumbani, nikachukua simu, nikampigia kijana nimuulize habari za vikopo, kama mteja anavyomuuliza fundi wake. Akaitikia: Maman. Nikakata. Uso ulikuwa unaniwaka, mkono uliokuwa umempaka ukiwa umeshika simu, na hapo nikajua kwamba pasta anaweza kukata anachotaka, mimi mwili wangu umeshakataa.

Binti yangu alinikuta nimekaa hivyo. Nilimuuliza, kwa ukali, kwa nini alinitupa ndani ya karakana ya mchumba wake bila neno. Alisema angenitajia mchumba, ningemuuliza kijana wa watu ni kabila gani, kanisa gani, baba yake nani, na ningemaliza kabla ya kufika kwenye tangi.

“Nilipenda uone kazi yake mbele, kisha yeye,” akasema.

Nilimwambia kwamba nimeiona kazi yake, asante. Hakucheka. Akasema kama lazima kijana aache kimoja, yeye hatamwomba aache tangi, kwa sababu lile tangi ndilo analoamka nalo na kulala nalo, na bila krimu yangu litakaa tupu. Alikuwa amekonda uso. Nilimwonea uchungu, nikamwambia akapashe chakula.

Njia iliyobaki ilikuwa Lubumbashi. Nikarudi kule, nikavaa mifuko ya miguuni, nikakalishwa mahali palepale. Kijana wa mauzo alinipongeza kwa kufikiri vizuri. Akaniletea harufu kumi na kitu kwenye vichupa, nichague. Hesabu yangu ilikuwa nyepesi: nikisaini, binti anaolewa, mimi ninabaki na jina kwenye kikopo, na kijana atatafuta javel nyingine. Nilinusa vichupa. Nilinusa vyote mpaka nikawa sinusi kitu. Nikawafikiria majirani zangu wakinunua kikopo chenye jina langu mwezi wa sita na kuendelea kutembea kwa vidole, wakinyamaza kwa sababu ni mimi. Nikamwambia kijana kwamba nimepata kizunguzungu. Alinipa maji baridi na karatasi za kuondoka nazo nyumbani, ambazo nilizitumia kuwashia makala.

Jioni nilimwita shangazi, nikamwita na binti. Niliongea nikiwa nimesimama kwa sababu nilijua nikikaa nitalia.

“Krimu haiko yangu tena,” nikasema. “Iko ya mutoto. Mutoto ni wa bwana yake. Bapakane.”

Shangazi alilifikiria jambo hilo kwa pande zake zote. Mume kumpikia mkewe mafuta, hakuna mila inayokataza. Mume na mke kubishana bei, hata hiyo haijakatazwa. Mimi sina kiwanda, sina mtengenezaji, sina cha kumuuliza mkwe wangu. Akatikisa kichwa akakubali. Kisha akaniuliza mimi nitapaka nini.

“Mafuta ya mgando,” nikasema, “kama bantu bote.”

Binti yangu akaondoka chumbani. Nilimsikia uani akipenga kamasi.

Mbuzi alikuja, kitambaa kikaja, harusi ikafanyika, na mimi nilikaa nimeupa mgongo upande wa bwana harusi kama inavyotakiwa, kwa hiyo sherehe yote niliijua kwa kusikia. Krimu ikaingia madukani ikiwa ndani ya vikopo vizuri. Sufuria yangu kubwa nikaigeuza kuwa ya kuchemshia maji ya kuoga. Bega likapona haraka, sikujua la kulifanyia. Wanawake wakinisimamisha sokoni kunisifia krimu, ninawajibu kwamba husemwa ni nzuri. Wanadhani ni unyenyekevu. Tangu harusi sijaigusa hata kwa ncha ya kidole, na sijui inanukaje inapotoka kwenye tangi la moto, wakati nta inapoungana na maji. Hilo ndilo lililoniuma kuliko nilivyotarajia. Pesa sikuzifikiria. Nilifikiria harufu.

Kiangazi kikaingia. Mafuta ya mgando yanang'arisha ngozi, lakini hayaingii ndani, na magaga yangu, ambayo hayakuwa yameonekana miaka yote ya krimu, yakafunguka. Mguu wa kushoto ulianza, wa kulia ukafuata. Nikawa mimi ninayetembea kwa vidole Shituru. Sikumwambia mtu. Lakini binti yangu alikuja siku moja na khanga za kunipa, akaniona nikivuka uani kwenda kuchukua maji, akaniangalia mpaka nikafika na mpaka nikarudi. Kisha akaaga mapema.

Jumamosi ile alirudi na nta, na chupa ya mafuta ya mawese, na pakiti ya ule unga. Akaniambia niende chumba cha ndani nisitoke. Nikaenda. Nikasikia akimwaga maji ya kuoga kutoka kwenye sufuria yangu, akipuliza makala, akikohoa moshi kama mgeni wa jikoni, na kweli alikuwa mgeni. Kisha nikasikia sauti nyingine, ya kiume, ya chini, ikitoka nje. Nilisogeza pazia kidogo tu. Mkwe wangu alikuwa amesimama uani, nje ya dirisha la jikoni, uso ameuelekeza kwenye ukuta wa jirani, mikono yake yote miwili ameifunga mgongoni ili pasiwe na maneno. Alikuwa anamwelekeza mkewe bila kugusa kitu. Alimwambia moto upungue. Mkewe akasema umepungua. Akamwambia asimimine maji yote, mkewe akasema ameshamimina. Wakagombana kwa sauti ndogo kuhusu maji hayo. Yeye hakugeuka hata mara moja kuangalia, na mikono haikutoka mgongoni, ingawa niliona vidole vikikoroga hewa.

Nilikaa kitandani nikisikiliza kijiko. Alikuwa anakoroga vibaya, anapumzika pasipopumzikwa, kisha anakimbiza. Harufu ikaja chini ya mlango. Nta kwanza, halafu mawese, halafu ile ya zote mbili. Nikajifunika uso na kitambaa kwa sababu nilikuwa ninalia na sikutaka dirisha lisikie.

Mlango wa uani ulipofungwa na hatua za mwanamume zikaondoka, binti yangu akaingia na bakuli. Alikuwa na masizi usoni na kidole kimoja kimeungua. Akapiga magoti mbele ya kitanda, akanivua viatu, akauweka mguu wangu wa kushoto kwenye paja lake. Nilitazama ndani ya bakuli. Maji yalikuwa upande wake, mafuta upande wake, na katikati vinaelea vibonge vya nta.

“Inakatika,” nikamwambia.

“Minajua, mama,” akasema, akachota kwa vidole akaanza kunipaka.